Punda niliyemnusuru ananipiga mateke

Assalamu alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Jambiani, kazi yangu mwani. Wengi wanaokuandikia shida zao ni waume na mawifi. Yangu mimi ni punda. Usinicheke.

Huyu punda jike alikuwa wa bwana mmoja wa huku kwetu, akimbebesha mwani wetu kutoka pwani hadi barabarani, na siku za maji mafu akimpeleka kubeba mawe ya ujenzi. Mapolo ya mwani mbichi yakichuruzika maji ya chumvi yaliwekwa mgongoni hivi hivi, bila tandiko, na kamba ya nailoni ikapita tumboni. Siku moja nilimuona bwana yule akiinua polo na ngozi ikaja nalo. Wiki ile ile punda akaanguka njiani na mzigo wake, akapigwa ubao ili ainuke, na hakuinuka. Nikasema niuzie. Akasema, "Lete elfu themanini, na akifa njiani usinirudie." Nikamtumia kwa simu pale pale, pesa ya mwani wa bamvua nzima.

Mbavu ungezihesabu. Donda la mgongoni upana wa sahani. Kwato za mbele zimepinda kwenda juu kama ndara zilizosahauliwa juani. Shavuni ana alama ya chuma cha moto. Mtoto wangu kamwita Kumbi, kwa vile manyoya yake yako kama makumbi ya nazi.

Nilimpa kila nilichokuwa nacho: pumba za mpunga, ugali wa usiku, maganda ya ndizi, na shemeji akawa ananiletea majani ya mti wa glirisidia anayowapa mbuzi wake. Wiki ya tatu akasusa kula siku moja na nusu, masikio chini, nikajua ndiyo basi. Akarudi kula mwenyewe. Donda jirani aliniambia nitie oili chafu ya gari, nikatia mara mbili.

Sasa ni miezi miwili. Anakula, tumbo limejaa, lakini mbavu bado zinaonekana, hilo silielewi. Akiona kamba anajikausha kama mti na ngozi inamtetemeka. Juzi nilimjia kwa nyuma na ndoo ya maji akanipiga teke la paja, nachechemea mpaka leo. Jirani anasema ana malale na atakufa tu. Mwanangu wa miaka 11 anataka kumpanda. Bwana wangu anasema kala miezi miwili bure, sasa abebe walau mapolo yangu mimi, na kila nikilalamika ananijibu fadhila ya punda ni mateke. Mama mkwe hataki hata kumsikia: analia usiku, na punda akilia amemuona shetani.

Lililonisukuma kuandika ni hili: wiki iliyopita yule bwana kaja, anasema nilikuwa namuuguzia tu, atanirudishia elfu themanini zangu achukue mnyama wake. Hatukuandikishana.

Nimrudishe, nimuuze, au niendelee? Na nifanye nini anipende? Nilimnunua kwa huruma, Shangazi, leo naogopa kuingia uani kwangu mwenyewe.

Mkulima wa mwani, Jambiani

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Kwenye ndara nilicheka, kwengine kote sikucheka.

Nianze na tumbo, maana wewe umelipita mbio na mimi limenisimamisha. Punda aliyekonda mbavu nje na tumbo limejaa hajanenepa. Punda huanza kurudisha nyama shingoni, kwenye uti wa mgongo na matakoni. Tumbo peke yake si kipimo. Likijaa huku mgongo bado kama ukuta wa maweni, ama ni minyoo, ama ni majani makavu yasiyo na nguvu, ama ana mimba. Punda jike hubeba kiasi cha miezi 12, wengine hupitiliza mpaka 13 au 14, kwa hiyo alipokuja kwako angeweza kuwa tayari nayo na hakuna aliyejua. Au hakuna aliyejua isipokuwa mmoja. Mtu aliyekuachia mnyama kwa elfu themanini, akakwambia akifa usinirudie, leo anamtaka kwa bei ile ile. Simshutumu, simjui. Lakini daktari wa mifugo ampime mimba kabla hujazungumza na bwana huyo neno jengine lolote.

Na usimrudishe. Yeye kasema lete, wewe umeleta, kapokea, mkaachana na mnyama yuko mkononi mwako. Hayo ni mauziano yaliyokwisha, na kuuguza hakulipiwi na muuguzaji. Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu usiufute, mwombe mtu aupige picha abaki nao. Watafute wawili waliokuwepo pale njiani, nenda nao kwa sheha wako, muelezee, aandike, mtie saini. Fanya wiki hii, kabla yeye hajatangulia.

Sasa chakula, na hapa nitakugombeza kidogo. Ile siku moja na nusu aliyosusa ulikuwa karibu kumzika. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu mwili wake umeshazoea kuishi kwa kujila wenyewe, mafuta kwanza kisha nyama. Ukimtia wanga mwingi kwa ghafla, na pumba na ugali ni wanga, sukari hupanda katika damu, insulini hutoka kwa wingi, na insulini hiyo huyavuta madini ya fosforasi, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu yakaingia ndani ya seli. Moyo na misuli ya pumzi hukosa cha kufanyia kazi. Farasi na punda waliotolewa kwenye njaa wamekufa namna hiyo siku za mwanzo, mwenye kuwaokoa kasimama na ndoo ya pumba mkononi. Hatari hiyo Kumbi ameshaipita, mshukuru Mungu, lakini pumba bado si chakula chake. Zikizidi humwaka mpaka ndani ya kwato.

Chakula cha punda ni majani, kidogo kidogo, mchana kutwa. Punda wa kilo 130 hivi huhitaji kama kilo 2 za majani makavu kwa siku, au mzigo mzuri wa majani mabichi. Najua Jambiani ni maweni, majani ya kukata hayapatikani kila mahali. Mwambie kondakta wa daladala ya 309 akuletee fungu kutoka Tunguu au Bungi. Mabua ya mpunga ya Cheju nayo si mabaya kwa kujaza tumbo, ila hayanenepeshi, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu, na yenye ukungu tupa. Glirisidia mwambie shemeji abaki nayo. Mbuzi na ng'ombe wana tumbo la kucheua linaloimudu, punda hana. Lukina, mti mwengine wa malisho, ndiyo usiikaribishe kabisa: punda akiila sana hunyonyoka singa na mkia mpaka akawa kama kachomwa. Na fagia ua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, bado naiona kwenye kila jaa, na punda mwenye njaa huila kama mkate, kisha ikamziba tumbo.

Akisusa tena, usingoje siku moja na nusu. Punda hufa kwa kutokula haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na ini likashindwa, na mwenye mimba ndiye wa kwanza. Jioni moja bila kula ni simu kwa daktari usiku huo huo. Na punda si mbuzi, haonyeshi maumivu. Farasi tumbo likimsokota hujigaragaza kila mtu akamuona. Punda husimama tu, kichwa chini, na nyinyi mnapita mnasema leo katulia.

Hebu mtazame pia akitafuna. Akidondosha vidonge vya majani vilivyotafunwa nusu, basi meno yana ncha kali zinazomchana mashavu, na chakula chote cha dunia hakitamnenepesha mpaka yapigwe tupa. Hiyo ni kazi ya daktari, pamoja na dawa ya minyoo, ambayo kipimo chake hufuata uzito na hali ya mimba. Usinunue dukani ukamnywesha kwa kukisia.

Malale mwambie jirani yako kachelewa. Mbung'o wa Unguja, wadudu wanaoyaeneza, walimalizwa kwa kumwagiwa kutoka angani mbung'o madume waliofanywa tasa, wa mwisho wa porini alionekana 1996, na 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa safi. Kama Kumbi hakuletwa kutoka bara, njaa, meno na minyoo yatosha kumkondesha.

Oili chafu, mwanangu! Naijua, babu zetu walitia mafuta ya taa na wajomba wakatia unga wa betri, na kila mmoja atakwambia yake ilipona. Huunguza nyama changa inayoota, ngozi ikazidi kurudi nyuma. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, osha kwa hayo asubuhi na jioni kwa kitambaa safi, acha pakauke, nzi wafukuze. Ukiona nyama nyekundu yenye chembechembe kama ngozi ya fenesi bichi, ndiyo inayopona, usiikwangue. Manyoya yatakayoota hapo yatakuwa meupe, na yatabaki meupe maisha yake yote.

Donda hilo na kwato hizo ni milango ya pepopunda. Wanyama wa jamii ya farasi na punda huushika ugonjwa huo upesi kuliko wengi, jina lenyewe tunalo mdomoni kila siku. Akikakamaa, mkia ukasimama, taya zikakataa kufunguka, mara nyingi umeshachelewa. Muulize daktari chanjo. Na wewe na mwanao, mnaokanyaga samadi kila siku, ulizeni yenu kituo cha afya.

Kwato usimruhusu mtu azikate zote kwa siku moja ili zipendeze. Zimepinda pole pole, mishipa na mifupa imefuata, na zikinyooshwa ghafla hatasimama. Hukatwa kidogo, baada ya wiki 6 hadi 8 tena kidogo. Baina ya hapo chokonoa uchafu wa chini, na ukisikia harufu mbovu na weusi unaonata, kwato zinaoza, zinataka pahala pakavu.

Haya, teke.

Umesema mwenyewe: ulimjia kwa nyuma. Macho ya punda yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa pale hasa uliposimama wewe na ndoo. Alichokisikia ni hatua, na kwa miaka yake yote hatua za nyuma zimekuja na ubao. Alimpiga teke yule wa zamani, likakufika wewe.

Na ule ukavu wa mti akiona kamba usiuite utulivu, wala ukaidi. Farasi akiogopa hukimbia. Asili ya punda ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, wakiishi mmoja mmoja katika mawe, na huko kukimbia ovyo hakukuwa na faida, kwa hiyo yeye husimama kwanza akapima. Wenye haraka wakaona kusimama kule ni ujuba, wakachukua fimbo, na tangu hapo tunasema mkaidi kama punda.

Fanya hivi. Kila siku saa ile ile mpelekee majani, ukimjia kwa ubavuni, ukiongea tangu mlangoni, hata ukimsomea bei ya mwani ni sawa, sauti ndiyo anayoitaka. Weka majani chini. Kisha kaa juu ya mbuzi yako ya kukunia nazi, hatua tano sita mbali naye, umpe ubavu, usimkodolee macho, na ufanye kazi yako. Ukune nazi, uchambue mchele. Usimwite. Usimnyooshee mkono. Nina hakika hiyo ndiyo itakuwa ngumu kwako kuliko donda, kwa sababu wewe unataka akupende, na mwenye kutaka kupendwa mikono haimtulii. Siku utakayohisi pumzi yake begani mwako, kaa vivyo hivyo.

Mkono ukianza kumfika, uanze pale shingo inapokutana na mgongo. Hapo ndipo punda wenyewe hukunana kwa meno. Usianze usoni, shavu hilo lilipigwa chuma cha moto, na unajua Mtume (s.a.w.) alipomuona punda aliyetiwa chapa usoni alimlaani aliyefanya. Mkune hesabu ya kumi, kisha uondoke wewe kwanza, yeye bado anataka. Akisogea yeye, usimfuate.

Kamba itundike kwenye boriti ya banda pale anapokula, iache hapo wiki nzima kama vile haina kazi. Wiki ya pili ishike ukiwa umekaa. Baadaye mguse nayo begani, uitoe. Kichwani mwisho kabisa, na isiwe nailoni, itafute laini ya pamba au ya kumbi lenyewe. Ngozi ikianza kutetemeka umekwenda mbio, rudi hatua ya jana. Itachukua miezi. Na siku za bamvua, unapokuwa baharini maji yakitoka, mkabidhi binti mmoja saa hizo hizo na maneno hayo hayo; punda aliyeanza kuamini hesabu ya siku haelewi kalenda ya mwezi.

Mwanao asimpande. Sisemi asubiri kidogo, nasema asimpande mpaka mgongo ujae na daktari aseme. Mpe kazi ya maji: ndoo ioshwe kila asubuhi, kwa sababu punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu, na jiwe la chumvi libaki kivulini.

Mumeo hajakosea kuuliza, kwa sababu nyumba inakula na pesa ilikuwa ya mwani. Methali yake ilitungwa na wenye punda, punda hakuulizwa, lakini hesabu yake ni ya haki na ijibiwe kwa hesabu. Mnyama aliyekonda hivyo huhitaji miezi 4 hadi 6 kurudi, wengine zaidi. Mwenye mimba ongeza mpaka azae na anyonyeshe. Akibebeshwa leo donda linafunguka, mnarudi kwenye siku ya kwanza, na elfu themanini zimekwenda na maji. Mlikuwa mkiyabeba vipi mapolo kabla yake? Bebeni vivyo hivyo.

Ikifika siku yake, mgongoni usimzidishie kilo 50, na mwani mbichi usimwekee kabisa, uchuje kwanza. Marehemu baba yangu alikuwa akipeleka nazi Mfenesini na shogi, mfuko wa ukili wa mgongoni mwa punda, na chini ya shogi godoro la makuti yaliyotwangwa. Kabla ya kutoka alipitisha kiganja chini yake, polepole, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Kiganja kikigusa fundo au unyevu, alifungua vyote akaanza upya, sisi watoto tumechelewa skuli. Hatukumpenda kwa hilo. Punda yule aliishi miaka 28.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye, hadithi anayoitaja ipo, na akisikia punda analia aombe ulinzi kama ilivyoelekezwa, hakuna ubaya. Lakini punda aliyefungwa peke yake usiku hulia pia kwa upweke, huwaita wenzake na hakuna anayejibu. Punda wa pili hamna uwezo naye, najua. Mbuzi atamtosha kwa kuanzia. Mama mkwe naye ana mbuzi? Mwombe mmoja, jike mpole, walale banda moja na Kumbi na ubao mmoja baina yao kwa wiki ya mwanzo. Ukienda kumuomba mpelekee na kilo ya sukari, na usimwambie ni kwa ajili ya punda mpaka ameshakubali.